Khalil kwa Pima na kwa Hesabu

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, tulikuwa tumekaa barazani katika Mji wa Kale hapa Mombasa, kama ilivyo ada yetu. Kahawa tungu ilikuwa imekwisha zunguka mara mbili, na sahani ya kashata imebaki makombo. Mazungumzo yakaja, kama yajavyo kila usiku siku hizi, kwenye habari za Falastini. Huyu akalaani, yule akaomba dua, mwingine akafuta macho kwa ncha ya kikoi. Alikuwapo mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliumaliza majahazini, akaenda Bara Arabu na kurudi kwa misimu isiyo idadi. Yeye alikaa kimya. Tulipokwisha kusema sote, akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mwenye kuandika magazetini.

"Mwanangu," akasema, "hiyo Khalil mnayoitaja, ukubwa wake ni kadiri gani? Ina watu wangapi? Wanakula nini?"

Nikamjibu, "Ami, Khalil iko kusini ya Baitul Mukaddas, alikozikwa Nabii Ibrahim."

"Hilo nalijua tangu chuoni. Nimekuuliza ukubwa na watu."

Nikanyamaza. Mzee akacheka kidogo, cheko lisilo na dhihaka, akasema: "Nahodha asiyejua kina cha maji hutupa bildi. Hakai sitahani akalia. Nyinyi mwailia nchi msiyoipima."

Wasomaji wapenzi, maneno yale yalinichoma. Mimi nimewahi kutunga beti kumi na mbili za kuwalilia Wafalastini, na watu wakanisifu. Usiku ule nilipofika nyumbani nilizitoa sandukuni nikazisoma tena. Machozi yalikuwamo tele, na damu, na mawe. Lakini hapakuwa na kijiji hata kimoja kilichotajwa kwa jina lake. Yafuatayo, basi, ni yale niliyoyakusanya tangu usiku ule. Ni deni langu kwa mzee wangu, na huenda likawafaa wengine pia.

JINA NA MAHALI

Tulipokuwa wadogo chuoni, tukimtaja Nabii Ibrahim (A.S.) katika tahiyatu kila sala, mimi nilidhani nchi yake haimo duniani. Niliiweka pamoja na mito ya peponi. Kumbe ni nchi ya udongo na mawe, ina barabara na masoko na baridi kali.

Jina lenyewe linatokana na heshima aliyopewa Nabii huyo. Katika Suratun Nisaa imetajwa kwamba Mwenyezi Mungu alimfanya Ibrahim kuwa khalil, yaani kipenzi chake wa ndani. Waarabu wakauita mji wake Al-Khalil. Wazungu na Wayahudi wanauita Hebron, na wataalamu wa lugha wanasema kwamba jina hilo nalo huenda linatoka kwenye neno la Kiibrania lenye maana ya rafiki.

Ni lazima tutofautishe mji na mkoa. Mji wa Khalil uko kiasi cha kilomita 30 kusini ya Kudusi. Mkoa wa Khalil ni nchi nzima inayouzunguka. Nchi ya Wafalastini imegawanywa katika mikoa 16, ambayo wao huiita muhafaza. Mikoa 11 iko Ukingo wa Magharibi na mitano iko Gaza. Katika yote hiyo, Khalil ndio mkubwa kwa ardhi. Una kilomita mraba 997. Ukichukua nchi kavu ya kaunti yetu ya Mombasa ukaiunga mara nne na nusu, utakuwa umeukaribia.

MGONGO WA MLIMA

Anayetaka kuijua nchi hii aanze na mlima. Safu ya milima imepita katikati ya mkoa kutoka kaskazini kwenda kusini, kama uti wa mgongo wa samaki. Mji wenyewe umekaa katika bonde lililo juu ya mgongo huo, karibu mita 930 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini yake, katika mji wa Halhul, mlima unapita mita 1,000, na hapo pana msikiti unaonasibishwa na Nabii Yunus (A.S.). Sisi wa pwani tuliozoea joto tungepata taabu huko. Wakati wa kipupwe baridi hupenya mifupani, na miaka mingine huanguka theluji ikafunika mapaa na mizabibu.

Upande wa magharibi mlima huteremka polepole kuelekea tambarare za Bahari ya Mediterania. Pepo za mvua hutoka huko baharini, zikapanda mlima na kumwaga maji yake juu, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, takriban yote kati ya Novemba na Machi. Kwa hiyo magharibi na juu mlimani ndiko kwenye mizaituni, mizabibu, milozi na ngano. Huko ndiko iliko miji ya Surif, Tarqumiya, Idhna na Dura. Dura nayo ina ziara inayonasibishwa na Nabii Nuh (A.S.).

Lakini ukivuka mgongo kwenda mashariki, mambo hugeuka ghafula. Mlima umekwisha kuyanyima maji mawingu, na nchi inashuka kwa kasi kuelekea Bahari ya Lut. Kutoka mjini Khalil mpaka bahari hiyo ni masafa yasiyofika kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, lakini ufuo wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari nyingine. Hivyo katika mwendo wa saa chache mtu huteremka zaidi ya mita 1,300, kutoka mashamba ya zabibu mpaka jangwa la chumvi. Upande huo wa mashariki ya Khalil uko mji wa Bani Naim, ambako wenyeji husema amezikwa Nabii Lut (A.S.). Husimulia pia kwamba kutoka milima hiyo Nabii Ibrahim aliutazama moshi wa miji iliyoangamizwa.

Kusini, ambako mvua ni chache vilevile, ndiko kwenye wafugaji wa kondoo na mbuzi. Huko watu huishi kwa birika. Tangu kale wamechimba mashimo ndani ya mwamba, wakayapaka chokaa, na kila tone la kipupwe huelekezwa humo likangojea kiangazi. Sisi tulioziona birika za misikiti yetu mikongwe hatuhitaji kuelezwa thamani ya kazi hiyo.

WATU

Sasa nije kwenye swali la pili la mzee.

Wakati wa utawala wa Waingereza, wilaya ya Khalil ilikuwa kubwa mara mbili ya ilivyo leo, zaidi ya kilomita mraba 2,000. Mwaka 1945 watu wake walikadiriwa kuwa kiasi cha 93,000. Vikaja vita vya 1948. Nusu ya magharibi ya wilaya, pamoja na vijiji kama Bayt Jibrin na Dawayima, ikaangukia upande wa Israel, na wenyeji wake wakakimbia au wakafukuzwa. Wengi walipanda mlima huohuo wakaja kwa ndugu zao. Kambi mbili zilizoanzishwa baada ya vita hivyo, Arroub kaskazini na Fawwar kusini ya mji, zipo mpaka leo, na wanaokaa humo ni watoto, wajukuu na vitukuu vya waliofika na funguo za nyumba zao mikononi.

Sehemu iliyobaki ikawa chini ya Jordan mpaka Juni 1967, Israel ilipoitwaa. Wafalastini wenyewe walihesabu watu wao kwa mara ya kwanza mwaka 1997, kisha 2007, kisha 2017. Katika hesabu ya 2007 mkoa wa Khalil ulikuwa na watu zaidi ya 550,000. Katika ile ya 2017 walizidi 700,000. Maana yake ni kwamba katika kila Wafalastini wanne wa Ukingo wa Magharibi, karibu mmoja ni mtu wa Khalil. Hakuna mkoa mwingine wa Ukingo huo wenye watu wengi kama huu.

Mji mkuu ulikuwa na watu zaidi ya 200,000. Yatta, ulio kusini, zaidi ya 60,000. Dura na Dhahiriya, kila mmoja karibu 40,000. Halhul zaidi ya 25,000. Wengine wamo katika miji midogo na vijiji. Kwa Wafalastini wote, karibu wanne kwa kila kumi walikuwa hawajatimiza miaka 15. Hii ni nchi ya watoto. Karibu watu wote wa mkoa ni Waislamu, na tangu kale wengi wao wamefuata madhehebu ya Imam Shafii, kama sisi.

ZABIBU, ADESI NA KIOO

Mzee aliuliza pia wanakula nini.

Zabibu ndiyo sifa ya kwanza ya Khalil. Hakuna mkoa wa Wafalastini unaouzidi kwa mizabibu. Majani machanga huchumwa yakafungiwa mchele na nyama. Matunda huliwa, hukaushwa, au hupikwa mpaka yawe asali nzito iitwayo dibs. Hutengenezwa pia malban, juisi ya zabibu iliyopikwa ikatandazwa na kuanikwa juani mpaka ikawa kama ngozi tamu. Aliyezoea halua ya Lamu asingeikataa.

Lakini chakula kilichoipa Khalil jina duniani ni cha bure. Nabii Ibrahim alikuwa mtu wa wageni, na watu wa mji wake waliishika sunna hiyo. Msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw alipofika mwaka 1047 alikuta kila mgeni anapewa mkate, bakuli la adesi zilizopikwa kwa mafuta ya zaituni, na zabibu kavu. Desturi hiyo haikufa. Jiko la takia ya Ibrahim lapika mpaka leo, supu ya ngano iliyopondwa, na katika Ramadhani hutiwa nyama. Wenyeji hujisifu kwamba Khalil ni mji ambao hapana alalaye na njaa.

Katika kazi za mikono, Khalil ni mji wa kioo. Kwa karne nyingi mafundi wake wamekaa mbele ya tanuri wakipuliza vyombo vya rangi ya buluu na kijani. Walifanya pia bangili na shanga, na shanga hizo zilivuka Misri zikafika mpaka Sudan. Leo mji huo una viwanda vya viatu na ngozi na mawe ya kujengea. Kipo pia kiwanda cha Hirbawi, kilichoanzishwa mwaka 1961, kinachofuma kufiya. Vijana wetu wanaojifunga vitambaa hivyo shingoni siku za maandamano huenda hawajui kwamba katika mkoa huu bado ziko mashine zinazovifuma.

MSIKITI

Katikati ya mji umesimama Msikiti wa Ibrahim. Ukuta wake wa mawe makubwa ulijengwa zama za Mfalme Herode, miaka 2,000 iliyopita, juu ya pango linaloaminiwa kuwa na makaburi ya Nabii Ibrahim na Sara, Is-haka na Rifka, Yaakub na Lea. Wayahudi na Waislamu wote wanapaheshimu. Pamekuwa kanisa na pamekuwa msikiti, pakageuzwa tena kanisa na wapiganaji wa msalaba, mpaka Salahuddin alipopachukua mwaka 1187. Yeye ndiye aliyeleta kutoka Asqalan ile mimbari ya mbao ya karne ya 11 iliyoko humo mpaka sasa.

Ibn Battuta alizuru hapa mwaka 1326. Miaka mitano baadaye, katika 1331, alilala usiku mmoja Mombasa, akawasifu watu wake kwa uchaji, na misikiti yao ya mbao kwa uimara. Kwa hiyo macho yaliyouona ukuta ule wa mawe ndiyo yaliyoiona mbao yetu. Na mwaka 2017 mji mkongwe wa Khalil ulitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, orodha ileile iliyokwisha kuwamo Lamu tangu 2001 na Ngome ya Yesu tangu 2011.

Haki yataka tuseme pia yaliyo mazito. Mwezi Agosti 1929, wakati wa ghasia, Wayahudi 67 wa mji huo waliuawa na Waarabu, na wengine wakaokolewa na majirani zao Waislamu waliowaficha majumbani. Waliobaki wakahamishwa. Baada ya 1967 wakaja walowezi, na mashariki ya mji ukajengwa mtaa wa Kiryat Arba, wenye watu zaidi ya 7,000. Alfajiri ya tarehe 25 Februari 1994, mwezi wa Ramadhani, mlowezi mmoja wa huko aliingia msikitini na bunduki akawapiga risasi waliokuwa wakisali, akaua watu 29. Baada ya hapo msikiti uligawanywa, sehemu ya Waislamu na sehemu ya Wayahudi, na kwa siku kumi kila mwaka kila upande hupewa jengo zima.

Mji nao ukagawanywa kwa mkataba wa Januari 1997. Sehemu nne kwa tano zikawa chini ya Wafalastini. Sehemu ya tano, yenye msikiti na mji mkongwe, ikabaki chini ya jeshi la Israel, kwa ajili ya walowezi mia kadhaa wanaokaa katikati ya Wafalastini zaidi ya 30,000. Mtaa wa Shuhada, uliokuwa soko kuu, ulifungwa, na milango ya maduka yake ikaota kutu. Katika vichochoro vya karibu wenye maduka wametandaza wavu juu ya vichwa vyao, uzuie taka na mawe yatupwayo kutoka madirisha ya juu. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale, anayejua jinsi kichochoro kinavyoishi kwa salamu za dirisha na dirisha, na aufikirie wavu huo.

WALE WA MAPANGONI

Nimebakiza kusini ya mbali, kwenye vilima vya Masafer Yatta. Ni vijiji vidogo vya wafugaji, na baadhi ya watu wake wamekaa mapangoni tangu zama za mababu, kwa kuwa pango huwa na ubaridi wakati wa joto na uvuguvugu wakati wa baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Israel liliitangaza sehemu ya vilima hivyo kuwa uwanja wa mazoezi ya silaha. Kesi ikaenda miaka na miaka. Tarehe 4 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Israel ilikataa madai ya wenyeji, na njia ya kuwahamisha watu zaidi ya 1,000 ikafunguka. Nyumba hubomolewa, na birika nazo hubomolewa, na asiye na birika huko hawezi kukaa mpaka kiangazi kiishe.

Karibu na Dhahiriya kilikuwapo kijiji cha Zanuta, cha watu kiasi cha 250. Mwishoni mwa Oktoba 2023, baada ya kushambuliwa na walowezi mara kwa mara, walipakia vyombo na mifugo wakaondoka. Dunia iliisikia habari ya vilima hivi Machi 2025, pale filamu ya No Other Land, iliyofanywa na vijana wa Kifalastini na wa Kiisraeli pamoja, ilipopata tuzo ya Oscar. Lakini tuzo haizuii tingatinga.

Hapa ndipo nilipoifahamu bildi ya mzee. Nchi haichukuliwi yote kwa siku moja. Huchukuliwa kisima baada ya kisima, kijiji baada ya kijiji, na kijiji kisichojulikana jina ndicho kiondokacho bila kelele. Anayelilia Falastini nzima kwa jumla hataona pengo la watu 250. Aliyewahesabu ataliona.

Juma lililopita nilirudi barazani na karatasi yangu. Nikamsomea mzee ukubwa, urefu wa milima, mvua na watu, mji mmoja mmoja. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akauliza, "Na hao wa mapangoni, wamo katika hesabu yako?"

"Wamo, Ami."

"Haya. Nipe majina."

Nikaanza kaskazini nikazunguka kwa magharibi, na yeye akinifuata kwa vidole, kama alivyokuwa akijifunza bandari katika ujana wake: Beit Ummar, Halhul, Surif, Tarqumiya, Idhna, Dura, Dhahiriya, Zanuta, Samu, Yatta, Bani Naim, Sair. Kahawa ikaletwa, hakuishika. Alipofika mwisho akakuta ameruka mmoja, akarudi mwanzo.